Je, Wajua? Aina ya Data Yenye Baiti Sifuri

Je, wajua kwamba lugha ya programu iitwayo Rust ina aina ya data isiyochukua hata baiti moja ya kumbukumbu? Huitwa PhantomData. Haibebi nambari wala herufi, na programu inapoendeshwa haifanyi lolote. Ni alama tu ya kuiambia kompaila, ile programu inayogeuza maandishi kuwa maagizo ya mashine, kwamba nambari hii ni mita na ile ni futi. Mwandishi akijaribu kuzijumlisha, kompaila inagoma na programu haipatikani. Zikipita ukaguzi, alama hufutwa, na mashine hukokotoa kwa kasi ileile.

Je, wajua hasara ya nambari kukosa kipimo chake? Chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilirushwa Desemba 11, 1998. Njiani kiliwasha vijiroketi vyake mara kwa mara ili kujiweka sawa. Programu ya Lockheed Martin iliyokuwa ikitumika ardhini iliandika msukumo huo kwa vipimo vya paundi. Waongozaji wa safari katika maabara ya JPL, California, wakausoma kana kwamba ni nyutoni, kipimo cha nguvu cha mfumo wa metriki. Tofauti yake ni mara 4.45. Hakuna aliyekosea kuzidisha wala kugawanya! Kosa likajilimbikiza miezi tisa, na Septemba 23, 1999 chombo kikaikaribia Mirihi hadi kilomita 57 hivi badala ya 226 zilizopangwa. Hakikusikika tena.

Alama peke yake isingekiokoa, maana nambari zile zilipitia kwenye faili, na alama za kompaila haziingii kwenye faili. Lakini ingemlazimu mwandishi wa programu ya kupokea kutamka kipimo pale faili inaposomwa, mstari mmoja ulio wazi ambao mkaguzi angeweza kuuhoji: nani amesema hizi ni nyutoni? Kwangu mimi, kulazimishwa kutamka ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Je, wajua kwamba alama hizi hazilindi vipimo pekee? Rust ina alama nyingine, Send, isiyo na agizo hata moja ndani yake. Huonyesha data inayoweza kuhamishwa salama kutoka uzi mmoja wa kazi hadi mwingine, yaani kati ya sehemu za programu zinazoendeshwa sambamba. Aina iitwayo Rc, ambayo huhesabu bila kinga ni wangapi wanaotumia kitu kimoja, haina alama hiyo. Ukijaribu kuihamisha, kompaila inakuzuia palepale, kabla nyuzi mbili hazijaigusa hesabu hiyo kwa wakati mmoja na kuivuruga.