Ngozi si Sharti la Kazi



Nakapanya ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Tunduru kwenda Masasi, katika mkoa wa Ruvuma. Wenyeji wake wengi ni wakulima wa korosho na mpunga. Si mahali ambapo mtu angetazamia kukutana na habari za filamu. Hata hivyo ni huko nilikoulizwa swali ambalo limenikaa moyoni, nami leo nataka kulijibu mbele yenu, kwa kuwa naona si swali la mtoto mmoja tu.

Niliwakuta wanafunzi wa sekondari wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza chini ya mwembe. Mchezo wenyewe ulihusu mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake. Msichana aliyemwigiza mjane yule, mweusi wa kuiva na mnene kidogo, alitamka maneno yake kwa uchungu hata wanawake waliokuwa wakitoka kisimani wakatua ndoo zao, wakasikiliza mpaka mwisho. Baada ya mazoezi nilimpongeza, nikamwambia akaze masomo, kwani iko taasisi ya sanaa Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho chafundisha kazi hiyo. Akainamisha uso, akasema kwa adabu: "Baba, wanaochukuliwa kwenye filamu ni weupe na wembamba. Mimi na ngozi hii, si nitaonekana meno tu?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Mvulana mmoja akadakiza kwamba dawa ipo, shida ni pesa.

Sote twajua dawa hiyo ni nini. Ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa mafuta na malai za kuchubua ngozi, unaouzwa kwa siri na pengine hata kwa dhahiri. Msichana yule alikuwa ameshuhudia kwa macho yake watu wakitua ndoo kwa ajili ya sauti yake, na bado aliamini kwamba ngozi yake itamnyima kazi. Imani hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa, na yatupasa tumtafute mwalimu wake.

Mimi mwenyewe nilipata funzo hilo mapema. Katika shule ya misheni niliyosoma, kila mwaka tuliigiza mchezo wa Noeli. Malaika walichaguliwa miongoni mwa watoto weupe weupe na wembamba. Sisi weusi tulipewa uaskari wa Herode. Hakuna aliyetutukana, wala hakuna aliyeandika kanuni hiyo popote. Ila kila mtoto aliijua. Nilikuwa naweza kuyasema maneno ya malaika Gabrieli kwa moyo bila kukosea, lakini kwa miaka minne nilishika mkuki wa mti. Nasimulia haya bila kinyongo. Nataka tu ieleweke ya kwamba mtu huweza kufunzwa kujidharau bila kuambiwa neno lolote, bali kwa kuona nani achaguliwaye na nani aachwaye.

Filamu hufundisha kwa njia iyo hiyo. Kijana aketiye katika kibanda cha video, au atazamaye simu ya mwenzake, huona kwamba mke mwema, bibi wa tajiri na binti agombaniwaye ni weupe wenye kiuno chembamba. Mweusi au mnene huitwa aigize mtumishi wa ndani, mchawi, au mtu wa kuchekwa. Wavulana nao hawakusalimika. Wameona katika filamu za Kihindi na za Kimarekani vifua vilivyotuna kama mawe, nao hujaza saruji katika makopo ili wapate vyuma vya kunyanyua. Mazoezi ni jambo jema. Lakini kijana anayeshinda akitunisha misuli, asifungue kitabu cha mchezo hata kimoja, ajiandaa kwa kazi gani?

Wako wasemao kwamba hayo ni matakwa ya kamera yenyewe. Kwamba mtu mweusi hatoki vizuri katika picha. Maneno haya yana chanzo chake, na chanzo hicho kinafaa kujulikana, maana ndicho kiini cha swali la yule msichana.

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi picha za rangi ziliwaonea watu weusi. Lakini sababu haikuwa katika ngozi zao. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ya Marekani ilipeleka katika nyumba za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ili mafundi walinganishe rangi zao na uso wake. Kadi hiyo ikaitwa kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha hiyo mwanzo. Uso wa Shirley ukawa ndio kipimo. Aliyefanana naye alitoka vizuri. Asiyefanana naye alitoka meno na macho. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Jean-Luc Godard, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, alipokuwa akifanya kazi Msumbiji, ng'ambo tu ya mto wetu wa Ruvuma, alilaumu filamu hizo za Kodak, akasema kwamba ndani yake mna ubaguzi wa rangi.

Na je, kampuni ilianza lini kuzitengeneza upya? Mmoja wa watu waliofanya uchunguzi juu ya jambo hili, Lorna Roth wa Kanada, aliambiwa na waliokuwa wafanyakazi wa kampuni hiyo kwamba malalamiko yaliyotiliwa maanani yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Hao walilalamika kwamba mbao za rangi ya giza na chokoleti za aina mbalimbali hazitofautiani katika picha. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Ubao wa kabati ulipata mtetezi kabla ya uso wa mwanadamu.

Siku hizi kamera zimebadilika, na fundi ajuaye kazi yake aweza kumwonyesha mtu mweusi kwa uzuri wote alio nao. Humwekea taa pembeni badala ya kummulikia usoni, huchagua ukuta wa nyuma usiofanana na ngozi yake, naye hupima mwanga kwa uso wa mtu aliyepo. Kwa hiyo mtengenezaji filamu asemaye kwamba binti fulani ni mweusi mno kwa kamera, hajamsema binti; amejisema mwenyewe kwamba hajui kuweka taa. Seremala akiharibu ubao wa mninga, hatuulaumu mninga.

Ama huo mkorogo, madhara yake yajulikana. Malai nyingi za kuchubua zimekutwa na zebaki, na Shirika la Afya Duniani limeonya kwamba zebaki hudhuru figo, na kwa mama mjamzito huweza kumfikia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka meusi yasiyotoka, ndiyo kusema mtu ameukimbia weusi akaupata ulio mbaya zaidi. Dawa nyingine zenye nguvu huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikawa rahisi kuchanika na vigumu kupona. Ndiyo maana vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini mwetu. Mwigizaji hana jembe wala cherehani; chombo chake cha kazi ni mwili wake. Mkulima hawezi kuliweka jembe lake katika tindikali ili ling'ae, kisha akatazamia kulima nalo miaka thelathini.

Wenye biashara ya filamu watajibu: "Sisi twawapa watazamaji wakitakacho." Jibu hili lafaa kupimwa kwa mambo yaliyokwisha kutokea. Amri Athumani wa Tanga, ambaye taifa zima lilimwita King Majuto, alifariki tarehe 8 Agosti 2018, na nchi ikamlilia. Watazamaji hawakumpenda kwa wembamba wa kiuno wala kwa weupe. Walimpenda kwa sababu alikuwa bingwa wa kazi yake, akiweza kuwachekesha watu kwa kunyamaza tu. Na Lupita Nyong'o, Mkenya, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Mwaka huo huo alieleza hadharani kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke asubuhi akiwa na ngozi nyeupe zaidi; kwamba moyo wake ulianza kutulia alipomwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi mzaliwa wa Sudani, akisifiwa duniani; na kwamba mama yake alikuwa akimwambia uzuri hauliwi. Basi hata yule aliyefika kileleni aliwahi kulia machozi yale yale ya msichana wa Nakapanya. Aliyemwokoa ni mtu mweusi aliyemwona akiheshimiwa.

Lakini watu wa Ruvuma hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa hapa nchini filamu iitwayo Muhogo Mchungu, inayohusu mtu wa shamba aliyekwenda mjini. Aliyeigiza humo ni kijana mzaliwa wa wilaya ya Songea ya wakati ule, aliyekuwa mtumishi katika kazi za ustawi wa jamii. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Kijana huyo mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Wengi wanaomkumbuka kwa uongozi hawajui kwamba alitangulia kuonekana katika sinema. Katika filamu zetu za mwanzo kabisa, mtu wa shamba wa kusini alikuwa ndiye mwenye hadithi. Hakuwekwa kando ashike mkuki.

Nakumbusha habari za Kawawa na chama cha wafanyakazi kwa makusudi. Twazoea kuwaita waigizaji "nyota", nalo neno hilo hutusahaulisha kwamba wao ni wafanyakazi. Mfanyakazi ana haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 7, yamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa ajili ya rangi, na yamhesabu hata mwombaji wa kazi kuwa amekingwa. Ni kweli kwamba sheria hiyo yaruhusu mahitaji ya asili ya kazi yenyewe. Iwapo hadithi yataka bibi kizee, hatutalalamika kwa nini kijana hakuchukuliwa. Lakini mwalimu wa shule, daktari, hakimu, mke mpendwa, ni nani aliyesema kwamba hao sharti wawe weupe? Tutazame katika shule zetu na hospitali zetu, tuone ni watu wa rangi gani wafanyao kazi hizo.

Wala sisemi kwamba uzuri ni dhambi. Wema Sepetu alikuwa Mrembo wa Tanzania mwaka 2006, na baadaye akaingia katika filamu. Kila mtu na aingie kwa mlango alioupata. Ubaya ni kuufanya mlango mmoja kuwa ndio pekee, kisha kuwaambia wote wengine wajikwangue mpaka wapite.

Yapo mambo yatupasayo kutenda. Walimu wa michezo ya kuigiza wagawe nafasi kwa kusikiliza, wala si kwa kutazama tu. Mtoto mweusi na awe malaika, na mweupe ashike mkuki kwa zamu yake. Watengenezaji filamu wajifunze kuweka taa. Vyama vya waigizaji viyatie masharti ya kazi katika mikataba iliyoandikwa, maana anayeajiriwa kwa maneno ya mdomo huweza kuambiwa lolote. Wazazi wawe macho kwa vikopo visivyo na maelezo vilivyofichwa chini ya mito. Nasi watazamaji, tunaonunua kazi hizo, tuwe na ujasiri wa kusema kwamba tumechoka kuona nchi ya watu weusi ikiigizwa kana kwamba weusi ni ugonjwa.

Siku ile sikuwa na jibu la haraka la kumpa binti yule. Nilimwambia tu arudie maneno ya mwisho ya mjane, nami nikaketi kumsikiliza. Leo ningemjibu hivi: Mwanangu, kwa miaka mingi mashine ilipimwa kwa uso usio wako, na wako watu wanaopima hivyo hadi leo. Kosa hilo si lako, wala huna la kulipa kwa ajili yake. Itunze ngozi yako, itunze sauti yako, soma kwa bidii. Siku utakapoambiwa kwamba huonekani, mwulize fundi ameweka taa wapi.