Mtoto Asiyetulia Darasani: Akili Yake Hupimwaje?



Mzazi atokaye zamu ya usiku hukuta nyumbani barua ya mwalimu: mtoto hasikii, hatulii, kila kazi anaiacha katikati. Mzazi amechoka na fimbo iko karibu. Lakini kabla ya fimbo yafaa tujue kwamba wako watoto ambao kuzubaa kwao si utundu wala uvivu, bali ni kasoro katika kazi ya ubongo.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1902 daktari George Still alilieleza mbele ya madaktari wenzake mjini London. Kupima ndiko kulikochelewa. Mwaka 1956 wataalamu wa Marekani walitoa kipimo ambacho mtu hutazama herufi zikipita moja moja, naye hubonyeza kitufe kila aonapo herufi aliyoagizwa. Vipimo vingi vya leo ni watoto wa kipimo hicho.

Wenzetu wa kiwanda cha vinywaji watakielewa upesi. Mfanyakazi huketi mbele ya taa, chupa zinapita, kazi yake ni kuitoa ile yenye ufa. Chupa mbovu zikiwa chache, macho husinzia na ufa hupita. Zikiwa nyingi, mkono huzoea kutoa hata chupa nzima. Makosa hayo mawili si namna moja: la kwanza ni la uangalifu, la pili ni la kushindwa kujizuia. Kipimo kizuri huyatenganisha, tena hupima mkono ulichukua muda gani, na kama muda huo ulikuwa sawasawa au ulipanda na kushuka.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti walitumia kipimo cha namna hiyo kwa watoto wa miaka 5 hadi 12. Hakina herufi wala maneno. Mraba unatokea kwenye kioo cha kompyuta: alama ikiwa juu, bonyeza, ikiwa chini, acha. Huchukua zaidi kidogo ya dakika 20. Na kukosa maneno si jambo dogo. Mtoto wa Buyenzi anasema Kiswahili nyumbani, Kirundi na Kifaransa shuleni. Ukimpima kwa maneno ya Kifaransa umepima Kifaransa chake, si ubongo wake. Kwa sababu hiyo hiyo watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wametumia miaka mingi kutengeneza vipimo vyenye vitu ambavyo mtoto wa shamba anavijua.

Walichokipata Kampala kinatuhusu sana sisi tunaokaa uwanda wa Imbo. Watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani hata wakapoteza fahamu walifuatiliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili, karibu 26 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa akili wa namna fulani. Kwa watoto wa jirani wasiougua, walikuwa karibu 8. Uangalifu ndio ulioumia zaidi. Kwa hiyo mtoto anaweza kurudi nyumbani akicheza na kula vizuri, nasi tukasema amepona, kumbe mwaka wa pili darasani anapigwa kwa ugonjwa ambao kila mtu ameusahau.

Je, mashine haiwezi kuutazama ubongo wenyewe? Ipo ya kuandika umeme wa ubongo kwa nyaya zinazobandikwa kichwani. Mwaka 2013 serikali ya Marekani iliruhusu kipimo kimoja cha mawimbi hayo, lakini kama msaada kwa daktari tu. Uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba watoto wengi wenye tatizo hilo mawimbi yao hayatofautiani na ya wengine. Hivyo asije mtu akawatoza faranga zenu akidai mashine peke yake itatoa jibu. Hata damu haitoi. Mashine hiyo inafaa kweli kwa jambo jingine: kifafa cha kuzubaa, ambapo mtoto hukatika kwa sekunde chache, macho wazi, kisha huendelea kana kwamba hakuna kitu. Huyo anahitaji dawa ya kifafa.

Mpaka leo daktari huamua kwa kuuliza sana. Dalili zimedumu miezi 6 au zaidi? Zilianza kabla ya miaka 12? Zinaonekana nyumbani na shuleni pia, au kwa mwalimu mmoja tu? Masikio na macho ni mazima? Analala vya kutosha, anakula asubuhi? Njaa nayo huzubaisha.

Anayempeleka mtoto kituo cha afya aandike mambo hayo kwanza, achukue na barua ya mwalimu. Kama mtoto aliwahi kulazwa kwa malaria akapoteza fahamu, na kadi ya wakati ule bado ipo, isiachwe nyumbani.