Vitabu Vinne vya Mwaka Uliopita na Faida Yake kwa Mtahiniwa wa Fasihi

Utangulizi

Kila mwaka mpya unapoanza, walimu wa Kiswahili huulizana ni vitabu gani walivyovifurahia mwaka uliotangulia. Aghalabu jibu huwa fupi: vitabu teule, miongozo yake na karatasi za mitihani ya majaribio. Si ajabu. Mwalimu mwenye mikondo minne na marundo ya insha za kusahihisha hana wakati mwingi wa kujisomea. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba kitabu kisichotahiniwa chaweza kumfaa mtahiniwa kuliko mwongozo wa pili au wa tatu wa kitabu kinachotahiniwa.

Sababu ni hii. Mwongozo humpa mwanafunzi orodha: sadfa, kinaya, taswira, jazanda. Karatasi ya Tatu (102/3) haiishii kwenye kutaja. Humtaka mtahiniwa aonyeshe mbinu inavyofanya kazi na inavyojenga maudhui. Orodha hukaririwa, lakini dhima hugunduliwa kwa kusoma. Hapa Mwihoko, katika eneo la Ruiru, nimewafundisha wanafunzi wanaoweza kutaja sifa kumi za mhusika ambaye hawajapata kusoma hata ukurasa mmoja wa mazungumzo yake. Swali likigeuzwa kidogo tu, hawana pa kushika.

Hebu tutazame vitabu vinne nilivyovifurahia zaidi mwaka 2025, na funzo moja kutoka kwa kila kimoja.

1. Nitaolewa Nikipenda (Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ)

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025, na kifo chake kilinirejesha kwenye tamthilia hii. Iliigizwa kwa Kikuyu mwaka 1977 huko Kamirithu, Limuru, na wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho, kisha serikali ikaipiga marufuku. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ alitiwa kizuizini bila kushtakiwa, akafungwa katika gereza la Kamiti, si mbali na hapa Mwihoko, hadi Desemba 1978. Tafsiri ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1982.

Kiguunda na mkewe Wangeci wana ekari moja na nusu ya ardhi. Binti yao Gathoni anapendwa na mwana wa tajiri Kioi, na wazazi hao wanaingiwa na matumaini. Wanashawishiwa wafunge ndoa ya kanisani, jambo linalohitaji pesa. Kiguunda anaweka hati ya shamba rehani ili apate mkopo, na shamba linamponyoka.

Funzo kwa mtahiniwa: itazame ile hati ya shamba. Ni karatasi tu, lakini ni kifaa cha jukwaani ambacho Kiguunda hukishika na kukitazama kama mtu anayeangalia moyo wake. Mwanafunzi wa Mwihoko hahitaji kufafanuliwa uzito wa karatasi kama hiyo. Wazazi wengi hapa walijinyima miaka mingi wakinunua ploti, wakajenga chumba kimoja baada ya kingine. Ndiyo maana kifaa hiki kinafaa kufundishia ishara. Hati ni mali, ni heshima, ni jasho la familia, na inapotoka mikononi mwa Kiguunda hakuna haja ya mhusika yeyote kutangaza kwamba familia imeanguka. Ukisharidhika na mfano huu, irudie Bembea ya Maisha na ujiulize: ni kitu gani au mahali gani hapa pamebeba maana kubwa kuliko umbo lake?

2. Vuta N'kuvute (Shafi Adam Shafi)

Riwaya hii ya mwaka 1999 inasawiri Zanzibar wakati wa harakati za kudai uhuru. Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa mbali. Anamtoroka, jamaa zake wanamkataa, na anapokewa na rafiki yake Mwajuma. Baadaye anampenda Denge, kijana anayewindwa na wakoloni kwa sababu ya siasa zake. Mwaka 2021 riwaya hii ilitengenezewa filamu na Amil Shivji.

Funzo kwa mtahiniwa: ufaafu wa anwani. Wengi hujibu swali hili kwa kutaja ukurasa ambapo maneno ya anwani yanajitokeza. Hilo halitoshi. Katika riwaya hii mvutano umo kila ngazi: Yasmin na desturi za kwao, Denge na serikali ya kikoloni, mapenzi na wajibu ndani ya nafsi moja. Sasa linganisha na Bembea ya Maisha. Anwani zote mbili zinataja mwendo. Katika kuvutana kuna pande mbili na mshindi hutafutwa, ilhali bembea hupanda na kushuka na aliyeketi juu yake ni yule yule. Tofauti hiyo inatuelekeza namna ya kuwasoma Sara na Yona: tutafute kupanda na kushuka kwa maisha yao kabla ya kutafuta mshindi.

3. Peponi (Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis)

Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya mwaka 1994 ilitufikia kwa Kiswahili mwaka 2022. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz. Anadhani anasafiri na mjomba, kumbe babake amemtoa kwa sababu ya deni.

Funzo kwa mtahiniwa: kinaya. Msimulizi yuko karibu sana na Yusuf, nasi tunaona kwa macho ya mtoto. Lakini tunaelewa mapema kuliko yeye, na uchungu wetu unatoka katika pengo hilo. Unapokutana na kinaya katika hadithi fupi, uliza: nani anajua, nani hajui, na pengo hilo linaibua hisia gani?

4. Siku Njema (Ken Walibora)

Walibora, aliyefariki Aprili 2020, aliichapisha riwaya hii mwaka 1996, na iliwahi kutahiniwa. Msanifu Kombo, maarufu kama Kongowea Mswahili, anaondoka Tanga kuja Kenya kumtafuta babake. Funzo ni nafsi ya kwanza. Msimulizi hutuambia tu alichokiona, alichoambiwa na alichokisia. Mtahiniwa akilitambua hilo, ataanza kuuliza msimulizi wa kila kazi anajuaje anachokisema.

Namna ya kuvitumia

(i) Nakala moja yatosha. Mwalimu asome kwa sauti dakika kumi kila wiki, bila mtu kuandika chochote.

(ii) Miaka inayotangulia mwaka wa mtihani ndio wakati mwafaka. Mtahiniwa aliye katika muhula wa mwisho asianze riwaya mpya. Airudie riwaya teule yenyewe kabla ya kugusa mwongozo.

(iii) Tanbihi: usitoe mifano ya vitabu hivi unapojibu swali la kitabu teule. Haitatuzwa. Vimekusaidia kuona, lakini ushahidi lazima utoke katika matini iliyoulizwa.

Maswali ya marudio

1. Chagua tukio linalomhusu Mangwasha katika Nguu za Jadi, uliandike upya katika nafsi ya kwanza. Ni habari gani zimepotea? Ni hisia gani zimeongezeka?

2. "Anwani si jina tu, ni njia ya kuisoma kazi." Jadili ukirejelea Bembea ya Maisha. (alama 20)

3. Taja kitu kimoja nyumbani kwenu ambacho mtunzi wa tamthilia angekiweka jukwaani, kisha ueleze dhima yake pasi kutumia neno "ishara".