Kuanza Kutengeneza Programu Jalizi ya Mchezo
(Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Masasi na Newala)

Mwalimu wa darasa na awe na chaki mkononi, maana leo tuna maneno ya kuandika ubaoni. Kila nitakaposema "Andikeni", andikeni, kisha someni pamoja kwa sauti.

Somo la leo limetokana na barua. Mama mmoja wa Newala, mwanafunzi wa kisomo kama ninyi, ameniandikia kwa mkono wake mwenyewe. Anasema mwanawe amerudi likizo na kompyuta aliyopewa na mjomba wake, na kutwa ameiinamia. Akiulizwa, hujibu kwamba anaanza kutengeneza programu jalizi za seva ya mchezo. Sasa kijana anaomba fedha, na fedha iliyopo nyumbani ni ile iliyowekwa kwa ajili ya shamba la mikorosho, yaani palizi na kupuliza dawa ya ubwiriunga. Mama anauliza mambo mawili. Kazi hiyo ni kitu gani? Na je, aitoe fedha hiyo?

Nitajibu yote mawili, lakini kwanza tuyajue maneno.

Andikeni: SE-VA. Seva.

Mnalijua bao, mashimo yake 32 na kete zake 64. Watu wawili hukaa chini ya mwembe, na bao liko kati yao. Sasa fikirini kwamba mchezaji mmoja yuko Masasi, wa pili yuko Newala, na wa tatu, katika mchezo unaokubali watu wengi, yuko Mtwara. Bao litakaa wapi? Lazima iwepo kompyuta moja inayolishika kwa niaba ya wote, inayokumbuka kila kete ilipo, na kumwambia kila mchezaji wenzake wamefanya nini. Kompyuta hiyo, pamoja na programu iliyomo ndani yake, ndiyo seva.

Mchezo unaotajwa katika barua unaitwa Minecraft. Ulitungwa na Markus Persson wa Uswidi. Watu walianza kuucheza mwaka 2009, na mwaka 2011 ukatolewa ukiwa kamili. Ndani yake mchezaji huchimba, hukata miti, na hujenga kwa matofali ya namna nyingi. Msidhani ni jambo la watoto tu. Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilipatana na kampuni ya mchezo huo, Mojang. Kibera, huko huko Nairobi, ni miongoni mwa mahali pa kwanza palipofanyiwa majaribio. Wakazi walionyeshwa kiwanja chao ndani ya mchezo, wakatoa maoni yao jinsi kitakavyotengenezwa. Sababu yake ni nyepesi. Ramani ya mhandisi wengi wetu hatuisomi, lakini ukuta ukijengwa mbele ya macho yako unauona.

Andikeni: PRO-GRA-MU JA-LI-ZI. Programu jalizi.

Kujaliza ni kujaza palipopungua. Wakulima wa korosho mtalielewa hili upesi kuliko watu wa mjini. Mnajua kubebesha miche, kama inavyofanywa na wataalamu wa Naliendele. Hupandi mti mwingine. Unachukua kikonyo cha mkorosho bora na kukifunga juu ya mche ulio hai, nacho kikonyo hupata maji na chakula kutoka katika shina lile. Programu jalizi ni kikonyo, na seva ni shina. Kijana haandiki mchezo mzima. Anaandika kipande kidogo kinachoshikizwa kwenye seva, ili seva ifanye jambo ambalo zamani haikulifanya. Kikonyo kisiposhika, shina hubaki hai.

Basi anayeanza huanza na jambo dogo mno: mchezaji akiingia katika mchezo, seva imwandikie neno "Karibu". Hakuna zaidi. Kazi hiyo ndogo huitwa mradi wa kuanzia, nao ni folda moja yenye faili tatu.

Faili ya kwanza ina maelekezo ya ujenzi. Inaitwa pom.xml ikiwa kijana anatumia chombo kiitwacho Maven. Hutaja vifaa vinavyohitajika na mahali pa kuvipata. Faili ya pili ndiyo yenye kazi yenyewe, imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Hiyo tuiache kwa leo. Faili ya tatu ni fupi, na hapo nataka tukae.

Inaitwa plugin.yml. Ni barua ya utambulisho. Mgeni akifika kijijini, hupeleka barua kwa mwenyekiti ili ajulikane ni nani na ametoka wapi. Programu jalizi nayo ikifika mlangoni pa seva, barua yake husomwa kwanza. Andikeni ubaoni kama nisomavyo:

name: Salamu
version: '1.0'
main: newala.Salamu
api-version: '1.21'

Maneno ya kushoto ni ya Kiingereza, nayo hayabadiliki. Ya kulia ni yetu. Mstari wa kwanza ni jina. Wa pili ni toleo la kazi yetu. Wa tatu huiambia seva mlango mkuu wa programu uko wapi. Wa nne hutaja ni kwa mchezo wa toleo gani.

Sasa tazameni vizuri. Baada ya nukta mbili pana nafasi. Neno Salamu lina S kubwa katika mstari wa kwanza, na pia katika wa tatu. Kijana akiandika s ndogo katika mstari wa tatu, ilhali katika faili ya Java ameandika kubwa, seva itautafuta mlango huo isiuone. Itaandika lawama katika kumbukumbu zake, kisha itaendelea bila kikonyo. Mimi mwenyewe, pamoja na stashahada yangu ya chuo kikuu, nilipojaribu mara ya kwanza nilipoteza jioni nzima kwa herufi moja. Na ninyi hunung'unika mwalimu anaposahihisha herufi kubwa na ndogo!

Faili zikiwa tayari, Maven huzikusanya ziwe faili moja ambayo jina lake huishia kwa .jar. Faili hiyo hutiwa katika folda ya seva iitwayo plugins, kisha seva huwashwa upya.

Lakini seva ikiwashwa mara ya kwanza kabisa, hukataa. Husimama, na huacha faili iitwayo eula.txt. Ndani yake mna mstari huu: eula=false. Neno false maana yake si kweli. Yaani mwenye seva hajayakubali masharti ya mchezo. Ili seva iendelee, lazima afute false na kuandika true, yaani kweli. Vijana wengi hubadili neno hilo upesi bila kusoma kitu.

Nikiwa mtoto nilimwona babu yangu akitia dole gumba juu ya karatasi ya mauzo ya korosho. Uzito ulioandikwa haukuwa ule uliopimwa. Alikuja kujua siku ya tatu, mimi nilipomsomea, na mnunuzi alikwisha ondoka. Kuandika true ni kutia dole gumba. Kwa hiyo namwomba kijana ayasome masharti kwanza, na kwa kuwa ni ya Kiingereza, amweleze mama yake kwa Kiswahili. Miongoni mwake atakuta kwamba mwenye seva haruhusiwi kuwauzia wachezaji nguvu za kuwashinda wenzao ndani ya mchezo.

Jambo jingine la ruhusa. Wengi huanza kwa kunakili mradi wa mtu mwingine. Si vibaya, ikiwa mwenyewe ameruhusu. Zamani programu jalizi nyingi zilitegemea kazi iitwayo Bukkit. Mwaka 2014 mmoja wa waandishi wake alidai haki yake, nayo Bukkit ikaondolewa mtandaoni kwa sababu ya dai hilo la kisheria. Wengi walikwama mpaka watu wa Spigot walipopata njia ya kuendelea. Ipo pia Paper. Basi kabla ya kunakili, kijana atafute faili iitwayo LICENSE na kuisoma. Humo ndimo ruhusa ilimoandikwa.

Sasa fedha. Mama, sikiliza vizuri. Java hupatikana bure. Maven ni bure. Programu ya seva ni bure, na vifaa vya Spigot na Paper ni bure. Kinacholipiwa ni mchezo wenyewe kwa kila mchezaji, na kifurushi cha intaneti. Maven huchukua vifaa vyake mtandaoni mara ya kwanza, kisha huvihifadhi ndani ya kompyuta. Kuanzia hapo kijana aweza kujenga mradi ule ule bila mtandao. Na aende siku moja mahali penye mtandao mzuri, avute vyote kwa pamoja, arudi nyumbani afanye kazi. Aangalie tu toleo la Java: mchezo wa toleo la 1.21 unataka Java 21. Asipoangalia atalipia kifurushi mara mbili.

Kwa hiyo, Mama, fedha ya mikorosho usiiguse. Ubwiriunga haungoji. Kompyuta anayo, na kilichobaki ni kidogo. Anaweza kukipata kwa kibarua cha siku chache. Wako watu wanaolipwa kwa kazi hii, lakini siwezi kukuambia kwamba mwanao atalipwa msimu huu. Wala si uvivu, ikiwa kweli anafanya anachosema.

Utajuaje? Mwite akuonyeshe neno "Karibu" likitokea. Kisha mwambie aliondoe, aweke jina lako mahali pake, nawe umekaa pale pale. Anayeielewa kazi yake atafungua faili ya Java, atabadili neno moja, atajenga upya, na baada ya dakika chache utalisoma jina lako katika kioo cha kompyuta. Lisome herufi kwa herufi. Likiwa na kosa, mrudishe asahihishe.

Kazi ya nyumbani: andikeni tena ile mistari minne katika madaftari yenu. Mahali pa Newala, kila mtu aandike jina la kijiji chake kwa herufi ndogo, na mahali pa Salamu aandike jina lake mwenyewe, kwanza kwa herufi kubwa. Mwalimu atasahihisha, na barua zenu nitazisoma wiki ijayo. Kwaherini.