Diani au Paje: hesabu za mzungu anayestaafia Pwani

Dalali wa viwanja vya ufukweni hamwonyeshi mteja hospitali. Humpeleka mchangani wakati maji yamejaa, humwacha asimame hapo kwa muda bila kumsemesha, kisha humtajia bei. Mbinu ni hiyo hiyo Diani na Watamu huko Kenya, Paje na Nungwi huko Unguja. Na inashika, kwa sababu mara nyingi mteja ni mtu wa miaka sitini na kitu aliyepanda ndege Januari huko kwao, barafu ikiwa imefunika gari lake, na sasa amevua viatu.

Siku hizi mteja huyo huja na swali ambalo zamani hakulijua: astaafie Kenya au Tanzania? Bahari ni moja. Kusi na kaskazi havina pasipoti. Pilau ni lile lile, wanaomfuata ufukweni ni wale wale, ila Mombasa wanaitwa mabichiboi na Unguja wanaitwa papasi. Kwa hiyo akiwauliza waliotangulia, hujibiwa kwa habari za mchanga: wa Paje ni mweupe zaidi, lakini maji yakitoka hukimbia mbali mpaka ukawaona wanawake wa mwani wakiinama kule upeoni, nawe ukitaka kuogelea itabidi usubiri maji yajae. Hayo ni kweli tupu, wala hayamsaidii chochote. Tofauti ya nchi hizi mbili iko kwenye makaratasi.

Kenya imemtengea mlango wake mwenyewe. Kibali cha daraja K hupewa mgeni asiyepungua miaka 35 aliye na kipato cha uhakika cha dola 24,000 kwa mwaka, kitokacho kwenye pensheni au chanzo kingine cha namna hiyo, na anayeahidi kutofanya kazi ya ujira. Masharti yenyewe yako wazi. Tatizo ni hesabu. Kwa mfano, pensheni kamili ya serikali ya Uingereza kwa mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, yaani chini kidogo ya pauni 12,000 kwa mwaka. Ukizigeuza kuwa dola, hazifikii kiwango cha Kenya hata kwa kusukumwa. Anayetegemea pensheni hiyo peke yake ameshakataliwa kabla ya kujaza fomu, na wapo wanaoishi kwa kuingia na kutoka kwa vibali vya matembezi, wakiombea afisa wa mpakani asihesabu mihuri.

Kuna jambo jingine ambalo Waingereza wengi hulijua wakiwa wameshauza nyumba kwao. Pensheni yao ya serikali huongezwa kila mwaka wanapoishi nyumbani, Ulaya, Marekani, hata Mauritius. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha hiyo. Akihamia Malindi, kiwango chake kinagandishwa pale pale alipokifikisha, hata akiishi miaka ishirini. Bei ya samaki sokoni haigandi.

Tanzania, kwa upande wake, huwaweka wastaafu kwenye kibali cha daraja C, fungu moja na wanafunzi, watafiti na wamishonari. Lakini Zanzibar ndiyo iliyochangamkia soko hili. Mgeni akinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 kwenye mradi ulioidhinishwa na mamlaka ya uwekezaji ya huko, anaweza kuombewa kibali cha ukaazi kwa sababu ya nyumba hiyo. Ndiyo maana Fumba, iliyokuwa mawe na vichaka, leo ina maghorofa na mitaa yenye taa, na madalali wa Paje wanauza vyumba ambavyo bado ni michoro. Mwenye akiba nene na pensheni nyembamba anafaa zaidi Unguja. Mwenye pensheni nene asiye na akiba, Kenya.

Tukifika kwenye ardhi, hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 65, inasema asiye raia hamiliki ardhi ila kwa kukodi, na muda wake hauzidi miaka 99. Ujanja wa zamani wa kuunda kampuni na mshirika Mkenya nao umezibwa humo humo: kampuni ni ya raia pale tu inapomilikiwa na raia watupu. Tanzania Bara ni ngumu zaidi. Ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni kiwanja isipokuwa kwa uwekezaji uliosajiliwa. Kustaafu si uwekezaji. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na tangu mwaka 2010 ina sheria inayomruhusu mgeni kununua sehemu ya jengo bila kudai udongo ulio chini yake.

Pamoja na hayo yote, kote kuwili wapo wanaoazima jina. Mzungu hutoa pesa, hati huandikwa jina la mpenzi, la mlinzi, la rafiki aliyempokea uwanja wa ndege. Mapenzi yakiisha, mwenye jina ndiye mwenye nyumba, na wakili mwaminifu atamwambia mlalamikaji kwamba hata kusimama mahakamani ni kukiri alikwepa sheria. Watu wa pwani tunaicheka sana hadithi hii barazani. Sioni la kucheka. Aliyepata nyumba mara nyingi naye huishia na jengo asiloweza kulipa umeme wake, chumvi ikila madirisha.

Malindi, upande wa Kenya, imelijua soko hili la wastaafu mapema kuliko kote. Waitaliano walifika kwa roketi: kituo chao cha San Marco, majukwaani baharini mbele ya Ngomeni, kilirusha setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Mafundi wakaleta wake, wake wakaleta mashoga zao, na mpaka leo kuna wauza samaki wanaopatana bei kwa Kitaliano safi kuliko Kiingereza chao. Anayezeeka Malindi anakuta wenzake wa kucheza nao karata. Hilo Paje hulipati, kwani huko vijana wa kuteleza baharini kwa tiara na wa kompyuta za mapajani ndio wengi, na muziki haulali.

Sasa hospitali. Kwangu mimi hapa ndipo swali zima lilipo, kwani mtu hastaafu ili abaki na miaka 65. Mgonjwa wa moyo aliyeko Diani zamani alikitegemea kivuko cha Likoni. Sasa kuna barabara ya Dongo Kundu ya kuzungukia. Mombasa ana hospitali za binafsi za kuchagua, na akihitaji zaidi kuna ndege za Nairobi mchana kutwa. Aliyeko Nungwi ana mwendo wa kilomita zipatazo sitini hadi mjini, ana Mnazi Mmoja, na baada ya hapo ana bahari. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, safari ya boti ya kama saa mbili bahari ikiwa tulivu, na kusi ikivuma si tulivu. Kisiwa ni kisiwa. Umeme wenyewe huvushwa kwa waya chini ya bahari, na waya huo ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu.

Siasa nitaipita haraka. Kenya ilikuwa na fujo zake za uchaguzi wa 2007. Tanzania iliuzwa kwa wageni kama nchi isiyojua fujo, mpaka uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, intaneti ilipozimwa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje. Dalali anayesema upande wake hauna shida anauza tu.

Na si wazungu peke yao wanaopiga hesabu hizi. Mkenya aliyechukua uraia wa Marekani anaweza kushika pasipoti zote mbili tangu 2010, hivyo kurudi Kilifi ni kurudi kwao. Mtanzania mwenzake aliyekula kiapo kile kile ni mgeni Tanga alikozaliwa. Marekebisho ya sheria yaliyopitishwa Dodoma mwaka 2025 yamemwekea hadhi maalumu, yenye nafuu za kuingia na ardhi, lakini uraia hapana.

Mimi ningemwambia mgeni apange nyumba, asinunue. Aanze Unguja angali na magoti, ahamie upande wa Mombasa yakimchoka. Ila wakija mume na mke, nina swali kabla ya ushauri. Kibali cha daraja K hutolewa kwa mwenye kipato. Mwenza huingia kama mtegemezi, na mwenye kibali akifa, cha mtegemezi hakina pa kushikilia. Mjane anaanza upya, akitakiwa kuonyesha dola 24,000 zake mwenyewe, wakati pensheni nyingi za kazini humwachia nusu tu ya alichokuwa akilipwa marehemu. Basi wanapobishana Diani au Paje, mimi huuliza kwanza pensheni ina jina la nani.