Istilahi za Kisu: Kengee, Matiko na Chuma cha Pua

Mfasiri mmoja alituletea rasimu ya maelezo ya kutengeneza upya kisu nyumbani, akataka tumhakikishie istilahi. Kisu chenyewe ni cha namna itengenezwayo Mora, katika jimbo la Dalarna nchini Sweden, ambako ufuaji wa visu ni kazi ya karne kadhaa: kisu kifupi cha porini, kisichokunjwa. Huko mtu aweza kununua chuma chake peke yake, akajichongea mpini aupendao na kushona ala yake mwenyewe. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ilituchukua juma zima, na tumeonelea tueleze sababu, kwani makosa tuliyoyakuta twayakuta kila siku katika maandishi mengine.

La kwanza ni neno “makali”. Katika rasimu, kila sehemu ya chuma iliitwa makali, hata msomaji akaamriwa “asugue makali kwa msasa mpaka yang’ae”. Atakayelitii agizo hilo atapata kisu butu, na huenda akakatwa vidole kabla hakijawa butu. Ilhali wahunzi wetu hawakupungukiwa na maneno. Chuma chote kinachotokeza nje ya mpini ni kengee. Pande zake mbili pana ni mabapa, upande mnene usiokata ni mgongo, na makali ni ule ukingo mwembamba tu. Sehemu inayozama ndani ya mpini ni msuka, kama ulivyo msuka wa jembe. Basi agizo sahihi ni kwamba makali yafunikwe kwanza kwa utepe mzito, kisha mabapa yasuguliwe kwa msasa, kuanzia namba 120 au 220 hadi 1000 au zaidi. Mfasiri akumbuke kwamba namba ikizidi, ukwaruzaji hupungua. “Msasa wa juu” hakumwambii fundi lolote. (Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla ya karatasi za dukani kufika.)

La pili ni zito zaidi. Kengee ikishafuliwa hupashwa mpaka iwe nyekundu, kisha huchovywa ghafla katika mafuta au maji. Huko ndiko kutia matiko. Chuma huwa kigumu mno, lakini huvunjika kama kioo. Kwa hiyo hupashwa tena kwa joto la kiasi, yapata digrii 200 za sentigredi, ili kirudishiwe uvumilivu. Rasimu iliviita vitendo hivi viwili kwa jina moja. Onyo lililosema kwamba mashine ya kunolea isiitie kengee joto la kupunguza matiko likageuka kuwa “kisu kisitiwe matiko”. Kisu kisichotiwa matiko hakishiki makali hata kidogo. Sisi tunapendekeza “kutuliza matiko” kwa kile kitendo cha pili. Wenzetu walipendelea “kupoza”, lakini hatukukubali, kwa kuwa kupoza ni kuondoa joto, na hapa joto linatiwa. Dalili ya hatari fundi huiona kwa macho: ukingo hugeuka manjano kama nyasi kavu, halafu zambarau, na ukifika samawati, karibu na digrii 300, matiko ya pua ya kaboni yamekwisha kutoka. Nyumbani ni heri kutumia tupa au kinoo chenye maji.

Tukija kwenye “chuma cha pua”, hapo lawama ni yetu sote. Maneno haya yana maana ya chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, lakini siku hizi huandikwa pia kwa chuma cha masufuria yang’aayo, ambacho kina kromi isiyopungua asilimia 10.5 na hakishiki kutu kwa urahisi. Maelezo ya kisu yalisema kengee isafishwe mafuta, ichovywe katika siki yenye uvuguvugu kwa dakika kadhaa, ioshwe, ikaushwe na kupakwa mafuta, ili ipate utando wa kijivu unaopunguza kutu nyekundu. Jambo hilo hufaulu katika pua ya kaboni. Katika ile ya pili mtu atangoja mpaka jioni asione kitu, na atasema kitabu kimemdanganya. Tuandike basi “pua ya kaboni” na “pua isiyoshika kutu”, tusiache “chuma cha pua” peke yake mahali ambapo tofauti ina maana. Na utando usiitwe kutu, kama rasimu ilivyouita, kwa kuwa mwenye kisu atauondoa kwa msasa.

Katika habari ya mpini hatukuwa na mengi. Mbao hutobolewa kwa kekee, msuka hutiwa gundi ya epoksi na kuingizwa, kisha mpini huchongwa. Vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua, basi kitambaa cha pua na mdomo kitajwe. Ila “mafuta ya kitani” yaliandikwa “mafuta yoyote”, na hilo halifai: mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta oksijeni, na yale ya kupikia hubaki yakinata. Ukaukaji huo hutoa joto, na kitambaa kilicholowa na kukunjwakunjwa chaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandazwe nje kikauke, au kitiwe majini ndani ya kopo la bati lenye kifuniko. Onyo hilo mfasiri alikuwa ameliruka, akidhani ni urembo wa maneno.

Limebaki neno moja ambalo hatujaafikiana. Ile pete ya shaba mahali kengee inapoingia mpinini huitwa noleo, lakini wengine noleo kwao ni kinoo. Wasomaji wenye kujua matumizi ya wahunzi wa kwao, pwani na bara, tunawaomba watuandikie, pamoja na jina la mahali neno lilikosikika.