Biskuti za Peasi za Lushoto

Apandaye kutoka Mombo hadi Lushoto, mahali palipo zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, majira ya peasi yakiwa yamewadia, na aingie shambani achume kwa mkono wake mwenyewe. Kwani tunda hili, likiachwa liivie mtini, aghalabu huharibika moyoni hali ganda lake lingali zuri, ndiyo maana huchumwa gumu, kwa kuinuliwa taratibu, na likiwa limekomaa kikonyo chake hukatika pasipo taabu.

Ugumu huo, kwa mpishi wa biskuti, ni neema. Adui yake ni maji: peasi zikatwe kadiri ya punje za mahindi, zinyunyiziwe sukari, zichujike nusu saa. Kisha gramu 150 za siagi zipigwe pamoja na 100 za sukari, zitiwe 250 za unga wa ngano na iliki iliyotwangwa papo hapo (ya kopo haina ladha, nami siisifu), ndipo matunda yafuate. Asiye na tanuri apalie makaa, mengi juu ya kifuniko, machache chini, wala asibanduke jikoni, hata kingo zigeuke rangi ya asali na harufu ya iliki ifike barazani.